Sifuri na Bakuli la Michembe

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kompyuta lilikuwa kukataa kuandika sifuri. Sikuisahau, kusahau kungekuwa na nafuu. Niliikataa nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu za malezi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa muuza duka mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini. Duka lilikuwa la vifaa vya wachimbaji: gambuti, tochi, kamba, sululu, karai, pampu za kuvuta maji. Mwenye duka tulimwita Tajiri. Alikuwa wa familia ya Kihindi, alizaliwa Shinyanga kama baba yake, na Kisukuma alikijua kuliko mimi. Nikikosea kuitikia salamu za wazee waliotoka vijijini, yeye ndiye aliyenisahihisha, mbele yao. Nyuma ya kaunta tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu aliyewahi kuchimba dhahabu huko Geita mpaka shimo lilipombomokea mguu. Alikuwa mkubwa kwangu, nikimwita kaka. Yeye aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

Kompyuta na printa yake vililetwa na shemeji wa Tajiri kutoka Dar es Salaam. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu moja tu: nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu hakukuwepo. Nilikuwa na sidii moja, kamusi ya Kiingereza iliyokatika jalada, na hofu. Kabla ya kuiwasha mashine nilikuwa nanawa mikono. Ikigoma kuwaka, niliiomba radhi, kwa sauti ya chini ili kaka asisikie, naye alikuwa anasikia.

Ndani ya sidii ile kulikuwa na maktaba ya lugha ya C. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni fungu la kazi ambazo mtu mwingine ameshaziandika, wewe unaziita tu kwa majina yake. Hii ilikuwa ya kutengeneza kurasa za intaneti. Intaneti yenyewe dukani hatukuwa nayo, kwa hiyo kurasa zangu zilikaa ndani ya mashine ileile, kama suti ya harusi kwa mtu asiyealikwa popote. Lakini nilizipenda. Ukurasa unajengwa kwa vipande: kichwa cha habari, jedwali, kisanduku cha jedwali, picha. Kila kipande kina sifa zake: upana, rangi ya nyuma, upande wa kukaa. Ukiandika kwa mkono na ukasahau kufunga kipande kimoja, ukurasa mzima unalala upande. Maktaba ilikuwa inafunga yenyewe. Unaitajia jina la kipande, kisha jina la sifa, kisha thamani yake, kisha sifa nyingine na thamani yake, kadiri unavyotaka. Mwisho unaweka sifuri, kuijulisha kwamba umemaliza.

Hapo kwenye sifuri ndipo nilipogoma.

Nyumbani kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi kwake na karanga, au na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani. Kama nyumba haina kitu kabisa, bakuli linakaa kwetu likisubiri kitu kipatikane. Kuna sufuria ya jirani iliwahi kukaa kwetu kiangazi kizima, na mama akawa anampita mwenye sufuria kwa kujificha nyuma ya ua, si kwa sababu ameiiba, bali kwa sababu hana cha kuweka ndani.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo anaambiwa atoe orodha ya mambo mazuri, rangi ya manjano, upana wa kutosha, halafu mwishoni aache sifuri. Mkono ulikataa. Niliona kama namrudishia mtu bakuli lake nikiwa nimelilamba. Basi mahali pa sifuri nikaweka sifa moja ya ziada, ya shukrani: kaa katikati. Vipande vyangu vyote vilikuwa vinaagana na maktaba kwa kukaa katikati. Nikajaribu, ukurasa ukatokea, gambuti zikakaa katikati kama maharusi. Nikahitimisha kwamba aliyeandika maktaba ile hakulelewa vizuri.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na shauri zito juu yangu. Baba alikuwa na ndugu yake Isaka, kwenye bandari kavu, mahali ambapo mizigo inashushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori ya kwenda nchi jirani. Ndugu huyo alikuwa amenitafutia kazi ya kusimamia upakiaji. Baba aliona hiyo ndiyo kazi, kwa sababu kuna malori na mtu anaonekana akifanya kitu. Mimi nilijijua. Nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani kuhakikisha nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuhakikisha sikuufungua nilipokuwa nahakikisha. Mtu wa namna hiyo ukimpa treni, treni haiondoki.

Tajiri ndiye aliyeniombea muda. Kulikuwa na kambi moja ya uchimbaji upande wa Bulyanhulu iliyokuwa inatafuta duka la kununulia vifaa, na mnunuzi wao alikuwa amesema atapita kuona bidhaa zetu. Tajiri akamtangazia kwamba sisi bidhaa zetu ziko kwenye kompyuta. Kisha Tajiri na baba wakakubaliana: mnunuzi akiondoka ameagiza, kompyuta nabaki nayo. Akiondoka mikono mitupu, siku hiyohiyo napanda lori la Isaka.

Nikaanza kujiandaa. Nilipima skrini kwa rula. Kila kisanduku cha jedwali nilikipa sifa zote nilizozijua, hata kile kilichokuwa na neno moja, kamba. Kupima herufi nzito zinavyoonekana, nilihitaji maneno ya majaribio, na kwa kuwa sina ubunifu, niliandika yaliyokuwa yanatokea mbele yangu. Tajiri alikuwa amesinzia kitini, nikaandika TAJIRI ANAKOROMA, kwa herufi nzito. Kaka alikuwa anaijaribu pampu uani, nikaandika PAMPU YA PILI INAVUJA. Mama alikuwa amepita asubuhi kuniambia kuhusu begi langu la safari ya Isaka, nikaandika MAMA AMESHAFUNGA BEGI. Nilipomaliza majaribio niliyaondoa maneno hayo kwenye ukurasa, lakini ndani ya programu niliyaacha yamekaa tu, bila kazi. Nilijiambia kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi.

Siku ya mgeni, asubuhi, nikakigusa.

Ilinijia ghafla kwamba ukurasa wangu unaanza moja kwa moja na gambuti. Hauna salamu! Mtu ametoka Bulyanhulu, amekula vumbi njia nzima, anafika, anaambiwa gambuti. Nikaongeza salamu juu kabisa. Ila umri wa mgeni sikuujua. Nikiandika habari za safari na kumbe ni mzee, nimemvunjia heshima. Nikaandika zote mbili: Shikamoo. Habari za safari. Muda wa kujaribu haukuwepo, gari lilikuwa limeshasimama nje, jekundu kwa vumbi.

Mgeni akashuka. Alikuwa kijana. Nadhani nilimzidi umri.

"Karibu, karibu sana," Tajiri akamwambia akimfutia kiti ambacho alishakifuta. "Bidhaa zetu ziko humu ndani. Fundi, fungua."

Nikafungua. Mgeni akasogea, akasoma mstari wa kwanza, akatabasamu.

"Marahaba," akaiitikia kompyuta.

Kisha akashuka kwenye jedwali. Nikaona midomo yake inasimama. Nikachungulia. Pembeni ya gambuti, kwa herufi nzito na nyeusi, palikuwa pameandikwa TAJIRI ANAKOROMA. Pembeni ya tochi, TAJIRI ANAKOROMA. Kwenye kamba, kwenye sululu, kwenye karai, vilevile, na kati ya neno na neno zimemwagika alama ambazo mteja hatakiwi kuziona. Mbele ya pampu kulikuwa na PAMPU YA PILI INAVUJA. Na chini kabisa, peke yake, katikati: MAMA AMESHAFUNGA BEGI.

"Tajiri ni nani?" mgeni akauliza.

"Ni mimi," akasema Tajiri, ambaye miwani yake ilikuwa mfukoni na alikuwa bado anatabasamu.

"Unakoroma?"

"Nani kasema?"

"Gambuti zinasema. Tochi nazo zinasema."

Tajiri akavaa miwani. Akasoma jedwali zima mpaka chini, kama mtu anayesoma gazeti lenye picha yake.

"Nakoroma mchana tu," akasema mwishowe. "Kukiwa na joto."

"Na pampu?"

"Pampu haivuji. Inadondosha."

"Inadondosha!" kaka akadakia kutoka kwenye kaunta. "Jana nimeoga kwa hiyo pampu, Tajiri."

"Wewe nyamaza, uza misumari."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika pembe ya meza kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Habari za safari?"

Mgeni akasimama. "Sikilizeni. Naenda kula na kutia mafuta. Nikirudi nataka karatasi iliyochapwa, yenye bidhaa tu, ya kuwapelekea wakubwa wangu. Hawajui Kiswahili wale. Wakikuta humo tajiri anakoroma watadhani ni aina ya gambuti, waniagize niwaletee." Akanigeukia. "Na mama yako mpe pole ya begi."

Alipotoka, Tajiri hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kijana, lori la Isaka limeegeshwa pale ng'ambo ya barabara. Dereva anakunywa chai," akaenda kukaa mlangoni, macho wazi kabisa, asije akasinzia.

Nikarudi kwenye mashine. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari. Maneno yale hayakuitwa popote kwenye jedwali. Sikuwa nimeyaita! Kaka akaja kusimama nyuma yangu.

"Profesa, ni majini?"

"Kaka, niache."

"Sisi kule shimoni kitu kikionekana ambacho hakuna aliyekiweka, tulikuwa tunapanda juu wote, tunakaa mbali."

"Niache, kaka."

"Nakaa mbali," akasema, akaenda kukaa mbali kweli.

Hapo ndipo mama alipofika. Alikuwa amebeba bakuli la stili lililofunikwa kwa kitambaa. Begi hakuwa nalo, na kwa wakati ule sikujiuliza liko wapi.

Habari ya bakuli hilo ni ndefu kidogo. Nilipoajiriwa, mke wa Tajiri, ambaye nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, alimpelekea mama kachori kwenye bakuli. Mama akalirudisha na karanga. Mke wa Tajiri naye, kumbe kwao ni kama kwetu, hakuweza kupokea karanga na kunyamaza, akatuma chapati. Mama akatuma michembe. Zikaja bajia. Safari moja mama alituma dagaa, kwa nyumba ambayo haijawahi kula nyama wala samaki. Mke wa Tajiri alishukuru kwa mikono miwili, akampa paka, kisha akatuma maandazi. Mimi ndiye niliyekuwa mbebaji, na nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba sikuliona tena.

"Shikamoo mama," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba. Mbona umekaa kama mtu mwenye homa? Nimekuja kuaga kwa mama mwenye nyumba. Unaondoka leo, siyo vizuri tubaki na chombo cha watu." Akaita kuelekea uani. "Hodi! Mama, nimekuletea bakuli lako. Ndiyo mwisho huu, kijana anakwenda Isaka."

Mke wa Tajiri akatokea mlango wa nyuma akifuta mikono. "Karibu mama. Bakuli langu lipi?"

"Hili."

"Hilo si lako? Mimi nalirudishaga kwako siku zote."

"Mimi ndiyo nalirudisha kwako!"

Wakalitazama. Wakaligeuza chini kutafuta alama, michembe ikamwagika kwenye sakafu ya duka, wakaanza kuiokota wote wawili huku kila mmoja akimzuia mwenzake asiiname. Bakuli halikuwa la yeyote kati yao. Pengine lile la kwanza lilibadilishwa njiani, pengine nilikosea mimi. Lilikuwa limetembea mwaka mzima kati ya nyumba mbili, na kila moja inarudisha.

"Basi chukua wewe," mama akasema.

"Nitakuachaje uondoke hivihivi, na michembe umeleta? Subiri." Mke wa Tajiri akaingia ndani na bakuli, akarudi nalo likiwa na bajia za moto.

Mama akazipokea, akakaa kwenye kopo la rangi, akashika kichwa. "Ee mayu wane," akamlilia mama yake kwa Kisukuma. "Sasa na hizi nitarudisha nini?"

Nilimtazama mama, nikatazama bakuli, nikatazama skrini.

Hakuna aliyekuwa anaweza kuacha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulikabidhi likiwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba shughuli imekwisha. Na maktaba yangu ilikuwa hivyohivyo. Mimi sikuwa nimewahi kuipa sifuri. Nikimaliza sifa zangu, yenyewe inakaa inangoja, inasoma kilicho jirani kwenye kumbukumbu ya mashine, inadhani bado natuma. Siku zote za nyuma jirani palikuwa patupu kwa bahati tu. Asubuhi ile nilipoongeza salamu, vitu vilisogezana ndani, na jirani wakawa ni tajiri anayekoroma, pampu na begi. Ikavipokea kwa mikono miwili kama mke wa Tajiri na dagaa, ikavipachika ndani ya kila kipande.

"Sifuri!" nikapiga kelele.

"Nini?" mama akauliza.

"Natakiwa kurudisha tupu!"

"Thubutu," mama akasema.

Nikathubutu. Nilikwenda mstari wa kwanza, baada ya kaa katikati, nikaweka sifuri. Naungama kwamba kidole kilisita, na sifuri ile ya kwanza niliisindikiza kwa kusema samahani. Ya pili nilisema kimoyomoyo. Baadaye nilikuwa nazipanda kama mahindi, mama akinilisha bajia kwa mkono wake ili nisiipake kibodi mafuta. Na yale maneno ya majaribio nikayafuta yote, moja baada ya jingine. Nikaendesha programu. Shikamoo. Habari za safari. Gambuti. Tochi. Kamba. Sululu. Karai. Pampu. Kimya. Hakuna anayekoroma.

Printa ilikuwa bado inakwaruza karatasi mgeni aliporudi. Akaisoma amesimama. Tajiri alikuwa nyuma yake, ananyanyuka na kushuka kwa vidole vya miguu.

"Safi," mgeni akasema. "Lakini hapa kwenye pampu umefuta."

"Nimefuta nini?"

"Ile ya kuvuja. Irudishe. Nimezunguka maduka, kila pampu ni nzima mpaka iingie shimoni na watu wako chini. Nyinyi ndiyo wa kwanza kuniandikia inavuja kabla sijauliza."

Tajiri akakohoa. Nilimwona anafikiria neno kudondosha, nikamwona analiacha. "Inavuja," akasema. "Tunaitengeneza. Usichukue hiyo, chukua ya kwanza."

"Andika hivyohivyo," mgeni akaniambia.

Nikaandika hivyohivyo, safari hii kwenye kisanduku chake halali, mwisho nikaweka sifuri. Mgeni akaagiza gambuti, tochi, kamba na pampu ya kwanza, akapakia alichoweza na kingine akaahidi kufuata. Alipokuwa anaingia kwenye gari, aligeuka akachungulia duka.

"Mashine yenu ina adabu," akasema. "Ila isije ikaniamkia mbele ya wakubwa wangu."

Tajiri alimtuma kaka ng'ambo kumwambia dereva wa lori asinisubiri. Kaka akarudi akichechemea, anacheka peke yake.

"Ameshaondoka zamani. Kamaliza chai, kaondoka."

"Afadhali," nikasema.

"Na begi lako."

Nikamtazama mama. Mama akatazama bajia.

"Nililipakia mapema," akasema, "lisije likakosa nafasi."

Begi langu lilifika Isaka salama, likapokelewa na ndugu wa baba, na likakaa huko likisubiri mtu wa kulileta. Kwa muda huo wote nilishika kompyuta nikiwa na shati moja, ambalo mama alilifua kila jioni na kulalamika kwamba baba alikuwa sahihi. Lilirudi na dereva mwingine. Ndani, juu ya nguo, ndugu wa baba alikuwa ameweka mfuko wa mchele, maana asingeweza kulirudisha vile lilivyokwenda.

Tangu wakati ule, kila ninapoita kazi ya kutengeneza kipande, sifuri ndiyo naiandika kwanza, kisha narudi nyuma yake kujaza sifa. Siombi tena radhi. Bakuli silibebi mimi siku hizi. Mama hulipeleka mwenyewe.